Kadi ya Kliniki ya Mtu Mzima

Nina kadi ya kliniki ya mtoto wa chini ya miaka mitano yenye jina langu. Nilipewa nikiwa na miaka arobaini na miwili, mama wa watoto watatu, mwalimu wa hisabati katika shule ya msingi hapa Mbinga mjini, mwenye kilo ambazo sitazitaja, maana hata chati ya kadi yenyewe isingezitosha. Palipochapwa "Jina la mtoto" pameandikwa langu. Palipochapwa "Uzito wa kuzaliwa" pameandikwa: saa moja na dakika kumi na saba. Huo ndio muda niliotumia kukimbia kilomita kumi kwa mara ya kwanza, na hapo neno kukimbia nalitumia kwa kujipendelea.

Aliyenipa kadi hiyo alikuwa mkunga mstaafu. Alikuwa na boksi zima la kadi za zamani ambazo muundo wake ulishabadilishwa, zikawa zinangoja kuchomwa moto, naye hakuwa mtu wa kuchoma karatasi nzima. Kwenye chati ya uzito alikata kilo kwa kalamu nyekundu, akaandika dakika: themanini chini kabisa, arobaini juu kabisa. Miezi aliiacha ilivyo, kuanzia mmoja hadi sitini, ila sasa ihesabiwe tangu siku ya kupewa kadi. Kila mama aliyelea miaka ile anazijua rangi za kadi ile. Kijani, mtoto anaendelea vizuri. Kijivu, mama awe macho. Nyekundu, mama aitwe pembeni. Nukta yangu ya kwanza iliangukia kwenye nyekundu, nami nikaitwa pembeni.

Hapo pembeni, nyuma ya goli la uwanja wa mpira, aliniambia nirukeruke, akanitazama magoti. Akanivuta kope ya chini kuangalia wekundu wa damu. Akaniuliza nimezaa mara ngapi na kila mara ilikuwaje, nikamjibu, naye akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimempa hesabu iliyokamilika. Kisha akasema, “Wewe ukifundishwa vizuri, utakimbia kilomita kumi chini ya dakika hamsini.”

Nilicheka mpaka nikashika mwamba wa goli. Nikamwambia kitu changu pekee kilicho chini ya hamsini ni umri, nao unakimbia kuliko mimi. Hakucheka. Alichukua penseli, akanigeuzia mgongo, akaweka nukta mahali fulani kwenye mstari wa mwezi wa sitini, halafu akakata kipande cha plasta ya kidonda akaibandika juu yake nisiione.

“Hii ni yangu,” akasema. “Zako tutaziweka moja moja.”

Mama ndiye hutunza kadi ya mtoto, kwa hiyo nilikwenda nayo nyumbani. Sikuibandua plasta ile. Nisisifiwe kwa hilo: niliwahi kuinyanyua kadi juani nione kwa upande wa nyuma, lakini karatasi ya serikali ya zamani ilikuwa nene.

Tulimwita Mkunga tukiwa mbali naye, na Mama Mkunga tukiwa mbele yake. Alikuwa mfupi, mwenye sweta ya bluu ya kazini ambayo hakuivua kiangazi wala masika, na saa ndogo ya wauguzi iliyoning'inia kifuani kichwa chini, miguu juu. Kila alfajiri alikuja uwanjani amejitwika kiti cha plastiki kichwani. Alikiweka penye kona, akakaa, akaitazama saa yake, nasi tukaanza kuteseka. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Mvua za huku mnazijua, lakini hata zilipomkuta katikati ya barabara hakuongeza mwendo.

Jambo hilo liliwasumbua waume zetu zaidi ya sisi. Wangu aliniuliza tunawezaje kufundishwa kukimbia na mtu asiyekimbia. Nikaenda kulifikisha swali kama lilivyo, maana nilitumaini lingetuvunjia kikundi nikapata usingizi wangu. Mkunga akajibu bila kuondoa macho kwenye saa kwamba mapadre wanafundisha ndoa kila mwaka, na mume wangu alihudhuria mafundisho yote bila kuuliza swali hilo.

Alitupata kanisani. Aliketi benchi la nyuma akatazama wanawake wakipanda ngazi za kuingilia, na baada ya misa akamgusa bega yule aliyemhitaji. Mimi alinigusa akasema, “Mwalimu, ngazi nane tu, na unahema hivyo?” Nikamwambia ni Roho Mtakatifu. Akasema kesho saa kumi na mbili asubuhi, uwanjani, nije naye.

Tulikuwa sita mwanzoni. Waliodumu ni watatu: mimi, Mama Tekla anayekaanga maandazi karibu na stendi, na Skola wa duka la vifaa vya ujenzi, ambaye kwao ni ziwani na ni Mwanglikana, huyo aliguswa bega dukani kwake. Mama Tekla alikuwa na mwili mkavu na maneno machache, akawa mwepesi tangu mwezi wa kwanza. Skola alifuata. Mimi nilikuja nyuma yao na hadithi za kuchekesha.

Lazima niseme juu ya mzaha wangu, maana Mkunga alipigana nao kuliko alivyopigana na kilo zangu. Nilikuwa mtoto mnene wa mwisho katika kila mbio za shule, nikagundua mapema kwamba ukijicheka wewe kwanza, wenzako wanabaki hawana kazi. Nikaufanya kuwa ufundi. Katika ofisi ya walimu niliigiza jinsi ninavyokimbia, jinsi kuku walivyonipita, jinsi mwanangu mdogo alivyotembea pembeni yangu akila muwa. Walimu wenzangu walishika mbavu. Hata watendaji wa kata waliokuja kikazi waliomba niigize. Mtu mmoja tu katika wilaya nzima hakuwahi kucheka, naye ndiye niliyemtaka acheke.

Siku moja nilimwigizia yeye mwenyewe. Alingoja nimalize. Kisha akasema taratibu, kwa sauti ambayo nadhani ndiyo aliyotumia na wanawake saa za mwisho, “Ukishajicheka mwenyewe, hakuna atakayekutegemea kitu. Ndiyo maana unajicheka.”

Nilimjibu kwa mzaha mwingine. Lakini usiku ule nilikiri moyoni kwamba dakika hamsini nazitaka. Nilizitaka vibaya sana, na sikumwambia mtu yeyote.

Wiki zile za mwanzo tulikimbia tumefunga vitenge juu ya suruali. Huku kwetu wanawake wakionekana wanakimbia pamoja alfajiri, kuna msiba. Watu walitoka majumbani wakashika vichwa, wakauliza ni nani. Asubuhi moja ya ukungu, kwenye barabara ya kuelekea Kitura, mzee mmoja alitufuata na jembe begani akitaka kusaidia kuchimba kaburi. Alitufuata mbali, na ninyi mnajua ukungu wa Juni, hatukumwona mpaka tuliposimama. Alipoambiwa hakuna aliyekufa alikasirika, akauliza basi tunamkimbia nani. Jambo linaloniuma katika kisa hicho ni kwamba mzee alikuwa amebeba jembe na gamubuti miguuni, na alikuwa akipunguza mwendo ili asinipite.

Tangu siku hiyo Mkunga aliamuru tumsalimu kila mtu njiani na kumweleza kuwa ni mazoezi. Mimi niliipokea amri hiyo kwa mikono miwili. Nilisalimu wazee, nikasalimu vijana, nikasalimu nyumba zilizofungwa. Kila shikamoo nilisimama, nikakunja goti, nikauliza habari za shamba. Wenzangu waliniona mwenye adabu kuliko wote.

Mafundisho yake yalikuwa machache, na mengi yalihusu kutokukimbia. Siku nne kwa wiki tulikwenda polepole, polepole ya kweli, na kipimo chake kilikuwa rozari. Mmoja aliongoza “Salamu Maria” kwa sauti huku tunakimbia, wengine wakaitikia “Maria Mtakatifu” mpaka mwisho. Sauti ya yeyote ikikatika kabla ya amina, wote tulipunguza mwendo. Skola aliruhusiwa kusema Zaburi ya ishirini na tatu. Mkunga alisema mwendo mwepesi ndio unaojenga, kama mimba, ambayo haionekani ikifanya kazi. Akasema wanawake wanaochoka na kuacha ni wale wanaotaka kila siku iwe siku ya kujifungua.

Siku moja kwa wiki, Jumatano, ilikuwa ya uchungu. Tulipanda kilima kinachopita kando ya mashamba ya ngolo, yale mashimo ya mraba ambayo babu zetu waliyapanga milimani ili mvua isibebe udongo. Tulipanda mbio kwa muda wa Salamu Maria kumi, kila mtu akisali kimoyomoyo, halafu tukashuka tukitembea. Mara sita, baadaye mara nane. Mkunga alikaa chini kabisa na kiti chake, akatazama saa.

Ukimwambia mwalimu wa hisabati asali kimoyomoyo huku mapafu yanawaka, umemtega. Juma la kwanza nilisali kwa uaminifu. Juma la pili nikagundua kwamba Salamu Maria, ukiisema kwa akili na siyo kwa mdomo, inafupika. Juma la tatu nilikuwa namaliza kumi wakati Mama Tekla yuko kwenye ya saba. Nilisimama kilimani nimeshika kiuno, nikawatazama wenzangu wakinipita wakiendelea kuhangaika, na, Mungu anisamehe, nikawahurumia kwa kusali taratibu. Nukta zangu kwenye kadi zikaganda mahali pamoja, kwenye kijivu. Nikasema kwa uchungu kwamba mwili wangu umefika mwisho wake, kwamba siyo kila mtu aliumbwa kukimbia, na nikaanza kutunga mzaha juu ya jambo hilo.

Jumatano moja Mkunga aliniita kabla sijapanda. “Mwalimu, leo sali kwa sauti. Nataka kusikia kutoka hapa.”

Nilipanda nikisali kwa sauti. Kwenye ya nne sauti ikawa ya mbuzi. Kwenye ya sita nilikuwa mahali ambapo mguu wangu haukuwahi kufika kwa mbio, juu kabisa ya ngolo za mwisho, na bado zilibaki nne. Niliporudi chini nimejaa mate na machozi, alinionyesha saa yake. Alijua tangu juma la tatu. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza miezi yote ile. Akasema kadi ni ya mtoto wangu, siyo ya mtoto wake.

Nilikwenda kuungama. Padre aliniuliza kutoka nyuma ya wavu Salamu Maria moja huwa naisema kwa sekunde ngapi, na sauti yake haikuwa imara. Malipizi aliyonipa yalikuwa Salamu Maria kumi, polepole. Nadhani Mkunga alishapita pale kabla yangu, lakini siri ya kitubio ni siri.

Baada ya hapo nukta zikaanza kupanda. Mtu asiyejua anadhani kuna muujiza. Hakuna. Ni Salamu Maria kamili, usingizi, maharage, mboga za majani, dagaa, na wiki ya nne ya kila mwezi ambayo alitulazimisha kupumzika nusu, tukaona tunapoteza kila kitu, halafu Jumatatu miguu ikawa mipya. Saa moja na dakika kumi na saba ikawa saa moja na kumi. Ikawa saa moja na tatu. Mama Tekla, ambaye hakuwahi kuvaa raba mpaka alipofikisha miaka thelathini na minane, alifika dakika arobaini na saba, na asubuhi hiyo hiyo akaenda kukaanga maandazi. Wateja walimuuliza mbona kachelewa.

Nisimfanye mtakatifu. Mkunga alitukataza sukari, na yeye kwenye chai alitia vijiko vinne akikoroga huku anatutazama machoni. Alichukia methali ya haraka haraka haina baraka, akasema aliyeitunga hakuwahi kumwona mtoto aliyekwama, lakini neno alilotuambia kila siku lilikuwa polepole. Alikuwa mkali mpaka Skola alilia mara mbili, na mkali huyo huyo alikaa siku nzima kwa fundi cherehani akimwelekeza namna ya kutushonea sidiria za kukimbilia zenye mikanda mipana, akizijaribu kwa kuturukisha nyuma ya pazia. Alisema dhahiri mambo ambayo mama zetu hawakutuambia: kwamba siku za hedhi siyo ugonjwa, kwamba mkojo ukitoka ukiruka kuna mazoezi yake na siyo aibu, kwamba damu ikiwa haba hakuna ushujaa utakaoisaidia. Kabla ya kila Jumatano alituvuta kope mmoja mmoja. Aliyekuwa na wekundu hafifu alirudishwa nyumbani, hata akibembeleza.

Sasa niseme habari ya mbio za kwanza, ingawa ningependa kuziruka. Parokia moja kule ziwani, Lituhi, iliandaa mbio za kilomita kumi kuchangia paa la zahanati. Tulishuka kutoka kwenye baridi yetu, tukakuta joto linalokukumbatia bila kuulizwa. Mkunga aliniambia neno moja tu tukiwa kwenye mstari, neno alilowaambia wanawake maisha yake yote ya kazi: “Usisukume kabla ya wakati.”

Nilisukuma papo hapo. Watu walipiga vigelegele, watoto walikimbia kando yangu, na kwa kilomita moja nzima nilikuwa mbele ya Mama Tekla. Naikumbuka kilomita ile kwa mapenzi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na zangu ziliishia kwenye mchanga wa kilomita ya nne. Nilijikokota mpaka ya saba, na hapo, mbele ya nyumba yake, alikuwa amesimama mjomba wa mume wangu, mzee wa heshima, ameshika kofia.

Nilisimama. Nilikunja magoti yote mawili. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza habari za nyumbani, nikasema nzuri. Akauliza watoto, mmoja mmoja kwa jina. Akauliza kahawa imechumwa, mahindi yamekaukaje, mguu wa mume wangu umepona. Nilijibu yote, na nikaongeza mambo ambayo hakuyauliza. Skola alipita. Wanawake wawili wenye umri wa mama yangu walipita. Nilimaliza kwa saa moja na dakika nane, nikiwa nimepumzika vizuri.

Jioni Mkunga aliniuliza. Nilimwambia, safari hii bila mzaha, kwamba kuna mambo yasiyovunjwa kwa ajili ya mbio, kwamba mkwe hapitwi kama nguzo ya umeme, kwamba hii ni mila.

“Mila naijua,” akasema. “Mzee angekuelewa ukimsalimu unapita. Wewe hukusimama kwa ajili ya mila, mwanangu. Ulisimama kwa sababu uliona pa kusimama.”

Alikuwa hajawahi kuniita mwanangu. Ningefurahi kama asingeliweka neno hilo katikati ya sentensi ile.

Mwaka uliofuata macho yake yalianza kwenda. Kwanza alishika saa karibu na pua, baadaye alimpa Skola amsomee. Ilikuwa mtoto wa jicho, wa macho yote mawili. Alisema amezalisha watoto wa wilaya nzima na huyu wa jichoni hawezi kumtoa mwenyewe, na hilo ndilo pekee nililowahi kumsikia akilisema kwa kuchekesha. Hakuna aliyecheka. Dada yake aliyeko Lituhi alikuja kumchukua akakae naye akingoja zamu yake kwa madaktari wa macho. Siku ya kuondoka alikibeba kiti chake cha plastiki kichwani mpaka stendi, akakataa kupokewa. Mimi nilikuwa nimefika dakika hamsini na tatu. Alipanda gari akashika dirisha, akauliza, “Umeona kijani?” Nikasema naiona kwa mbali. Akasema basi nisisimame.

Kuanzia hapo ilikuwa rahisi kuacha. Hakukuwa na mtu penye kona. Asubuhi nyingi nilikaa kitandani nikatunga sababu, na sababu zangu ni nzuri, nimezoea kuzitunga. Lakini kulikuwa na plasta ile. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, magoti yalishaanza kunisemesha, na yeye alikuwa anaingia gizani bila kujua kama alinikadiria sawa au alinikadiria vibaya. Niliona haya kumwacha bila jibu. Nikaamka. Jumatano nilipanda kilima peke yangu nikisali kwa sauti, na watu waliokuwa wakipalilia ngolo waliitikia kutoka mashambani, kwa hiyo hata ningetaka kufupisha nisingeweza.

Parokia ile iliandaa mbio tena, paa lilikwisha ila milango bado. Tulishuka Lituhi watatu. Nilimtuma mtu kwa Mkunga kumwomba aje uwanjani. Akarudisha jibu kwamba haoni, sasa aje kutazama nini, nimfuate nikimaliza.

Nilianza nyuma ya watu wote. Watoto walinizomea, nikawaacha. Kilomita tano za kwanza nilisema rozari kimya, nzima, pamoja na amina zake. Kwenye ya saba nilimwona kutoka mbali, mjomba wa mume wangu, mahali pale pale na kofia ile ile, na naapa magoti yangu yalianza kujikunja yenyewe.

“Shikamoo baba, narudi,” nikasema, na sikusimama.

“Marahaba,” akasema, akasogea kunipisha. “Pita, pita.”

Wakati wa kusukuma ulikuwa umefika, nikasukuma. Sitaeleza kilomita zile tatu, wanaozijua wanazijua. Nilipovuka mstari nikaanguka mchangani, na mtunza saa akaja kunionyesha. Nilimwomba aseme kwa mdomo, halafu aseme tena. Mtu aliniletea togwa. Mama Tekla, aliyemaliza zamani, alikuwa ananitazama, anangoja nitoe kichekesho. Nilikuwa nacho tayari. Nilikuwa nimevitunga vitatu njiani siku moja kabla. Hakikutoka hata kimoja.

Nilikwenda kwa Mkunga vile vile nilivyo, na mchanga na chumvi usoni. Nyumba ya dada yake iko karibu na vichanja vya kuanikia usipa, wale dagaa wa ziwani, na harufu yake ilinifikia kabla sijaona mlango. Alikuwa amekaa nje kwenye kiti chake cha plastiki, amevaa sweta ya bluu katika joto lile. Nilipiga magoti nikatoa shikamoo.

“Marahaba,” akasema. “Ni Mwalimu huyo. Ngapi?”

Nilivuta pumzi. Mzaha ulikuja mpaka kwenye meno, kwa mazoea.

“Arobaini na tisa na sekunde thelathini na nane,” nikasema.

Macho yake meupe yalitazama mahali pa juu ya kichwa changu. Kisha akauliza kama nilisimama popote, nikasema sikusimama. Akauliza hata kwa mjomba, nikasema hata kwa mjomba. Akanyoosha mkono. Alitaka kadi.

Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Alisema niweke nukta mwenyewe, maana yeye haoni na atalazimika kuniamini. Nikaiweka kadi mapajani, nikahesabu miezi kwa kidole, nikaweka nukta pale ilipostahili, si juu wala si chini. Iliangukia kwenye kijani. Nikamwambia. Akaipapasa karatasi mpaka akaigusa plasta.

“Sasa bandua.”

Ilikuwa imegandana, ilitoka na unyuzi wa karatasi. Chini yake ile nukta ya penseli ilikuwepo, ndogo, imefifia, kwenye mstari wa mwezi wa sitini. Haikuwa hamsini. Haikuwa arobaini na tisa. Nilifuata mstari kushoto kwa ukucha mara mbili, mimi mwalimu wa hisabati, nikidhani nimekosea.

“Arobaini na sita, Mama.”

“Najua. Niliiweka mimi.”

Nikamuuliza kwa nini aliniambia hamsini. Akasema angeniambia arobaini na sita ningekuwa nacheka mpaka leo.

Nililia pale chini, kwa sauti, sikuona haya, na dada yake alisimama na ungo wa usipa mikononi akadhani kuna msiba. Mkunga aliniacha nilie. Nilipomaliza aliniuliza imebaki miezi mingapi kutoka nukta yangu hadi yake. Nilihesabu viboksi.

“Tisa.”

“Inatosha,” akasema. “Miezi tisa naijua.”

Alikunja kadi kwenye mikunjo yake ya zamani bila kuitazama, akanipa kwa mikono miwili kama alivyowapa mama zetu wote.

“Mtoto anaendelea vizuri. Mlete tena mwezi ujao.”

Nikapokea, nikasema nitamleta.